Biti Isiyo na Masale

Kila Jumapili, ibada ya pili ikiisha na watu wakitoka kwenda kwenye mnada, mtu mmoja hubaki ndani ya kanisa letu. Ni kijana mpiga kinanda. Nje, mzee wa kanisa ananadi mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu, na hakuna kinachopita bila kutajwa kimetoka kwa nani: jogoo wa mama wa pale kona, ndizi za jumuiya ya darajani. Ndani, kijana anapunguza sauti, anabonyeza kitufe, na kinanda kilichokuwa kikilia kama ogani dakika kumi zilizopita kinaanza kunguruma besi. Ataendelea hivyo mpaka mhudumu aje kufunga milango.

Nimemwangalia kwa mwaka na zaidi, na kuna jambo limenikaa kooni. Kwenye matangazo, kwaya ya vijana hushukuriwa. Wapiga tarumbeta hushukuriwa. Aliyeleta maua ya madhabahuni husimamishwa watu wamwone. Mpiga kinanda sijasikia akitajwa hata mara moja. Yeye ni kama umeme: anakumbukwa siku akikatika.

Kanisani hilo ni dogo, na mwenyewe hajalalamika. Lakini ndivyo tulivyoujenga muziki wetu wote. Anayeimba ana jina, ana picha kwenye ukuta wa saluni. Aliyekesha kwenye mashine akiutafuta mdundo anaitwa prodyuza, anapewa chake mkononi, na habari yake inaishia hapo. Ndiyo maana ukiniuliza ni albamu ipi ya Bongo Fleva ningetaka ijulikane na kila mzazi wa Moshi mwenye mtoto anayeshinda kwenye kompyuta, nitakujibu: ile ya kwanza ya Navy Kenzo. Si kwamba ni tamu kuliko zote. Siyo, na nitasema kwa nini. Ni kwamba jina lililo juu yake ni la watu wawili, na mmoja wao ni fundi wa mashine ambaye safari hii hakuachwa jikoni.

Asante na fundi wake

Wawili hao ni Aika na Nahreel. Huku mlimani jina la kwanza halihitaji mkalimani. Aika ndilo neno unalomrudishia mtu aliyekushikisha kata ya mbege, au kondakta aliyekushushia gunia lako la majani ya ng'ombe bila kulitupa. Ni asante yetu. Na jina lake la ukoo, Marealle, mtu wa Marangu hawezi kulisikia bila kugeuza shingo, maana limekaa kwenye historia ya umangi wa Wachagga tangu enzi za Wajerumani. Kwa hiyo hata kabla sijasikia wimbo wao wowote, nilikuwa upande wao. Nakiri upendeleo huo mapema ili nisije nikaulizwa baadaye.

Nahreel, ambaye jina lake ni Emmanuel Mkono, ni mtayarishaji wa muziki. Watu walicheza kazi zake kwa muda mrefu bila kuijua sura yake. Nana ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2015, imepita mikononi mwake. Nusu Nusu ya Joh Makini vilevile. Mabinti waliochezea nyimbo hizo kwenye harusi za Himo na Mwika, ni wangapi walijua kwamba fundi ni mmoja? Mimi mwenyewe sikujua. Nilipoambiwa nilirudi kuzisikiliza upya, nikaanza kuona mshono, kama unavyotambua suruali mbili zimetoka kwa fundi yuleyule.

Kabla ya Navy Kenzo walikuwa kwenye kundi la Pah One pamoja na wenzao. Kundi likasambaratika, wakabaki wawili. Wakatufikia kwa Game, waliyomshirikisha Vanessa Mdee, na kwa Kamatia, ambayo kuna kipindi usingeweza kukatiza stendi ya Moshi bila kuisikia kwenye Noah tatu tofauti, kila moja ikiwa imefika sehemu yake ya wimbo. Albamu yenyewe, Above In a Minute, ikaja mwishoni mwa 2016 tukiingia 2017. Majira hayo mnayajua. Ndipo barabara ya kutoka Dar inapofurika magari, watu wanapanda nyumbani kula Krismasi, na kila uwanja wa kihamba, yaani shamba la ukoo, una gari lililofunguliwa milango minne ili spika zisikike mpaka kwa jirani.

Muziki wao Wazungu wangeuita sinthi-pop, yaani pop inayotegemea kinanda cha umeme na ngoma za mashine, ingawa wao wamechanganya na dancehall na midundo ya Afrika Magharibi. Hakuna gitaa la solo la kusubiriwa. Hakuna safu ya tarumbeta. Kuna besi inayotembea, kuna vinanda vinavyodondoka kama matone kutoka kwenye jani la mgomba mvua ikishakatika, na kuna sauti ya Aika ambayo haikazi mishipa ya shingo.

Ugomvi wangu nayo ni huu. Jina la Kiingereza, na Kiingereza kingi ndani, kana kwamba msikilizaji wa kwanza aliyefikiriwa hakuwa wa Kiboriloni wala wa Kinondoni. Halafu wageni. Patoranking wa Nigeria yumo kwenye Bajaj, na si peke yake aliyealikwa. Albamu ya kwanza ni kama nyumba mpya: ukiijaza wageni siku ya kuihamia, jirani hatajua mwenyeji ni nani. Pale walipobaki wawili, Aika anaimba na mwenzake anajibu kwa kinanda na mara nyingine kwa sauti yake mwenyewe, ndipo ninapoipenda. Pengine nawadai wasichokusudia. Lakini kazi ikishatoka ni ya wasikilizaji, nao hudai.

Ghorofani kwa Eric

Muundo huu wa sauti moja na mashine moja hawakuuvumbua wao. Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya vinanda vya umeme ilipoanza kushuka, vijana wa kawaida waligundua kwamba watu wawili wanaweza kufanya kazi iliyokuwa ya watano. Ndipo walipotokea akina Soft Cell, Eurythmics, na baadaye Pet Shop Boys. Wanaonigusa mimi ni Yazoo. Vince Clarke alikuwa ameondoka Depeche Mode baada ya kuwaandikia nyimbo nyingi za albamu yao ya kwanza ya 1981. Akampata Alison Moyet, mwimbaji wa bluzi kutoka mji walikokulia wote wawili, Basildon. Moyet ana sauti nzito ya kuumiza. Clarke ana mashine isiyo na moyo. Ukiandika hivyo kwenye karatasi utadhani haviendi pamoja.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1982, na jina walilolipa ndilo lililonifanya nilete habari za mbali hivi kwenye safu ya Moshi. Waliiita Upstairs at Eric's. Tuseme, ghorofani kwa Eric. Na Eric ni nani? Si mpenzi wa mtu wala shujaa wa hadithi. Ni Eric Radcliffe, fundi mwenye studio walimorekodia, Blackwing, iliyokuwa ndani ya jengo la London lililokuwa kanisa zamani. Fikiria hilo. Kanisa, kinanda, na fundi ambaye jina lake limewekwa kwenye jalada, mahali ambapo msikilizaji hawezi kuliruka.

Ni nani kati ya wasanii wetu wakubwa aliyewahi kuipa albamu jina la fundi wake? Sisi tumezoea kumtaja fundi kwa sekunde mbili mwanzoni mwa wimbo, tena kwa kuwa amejitaja mwenyewe, kwa sauti aliyoirekodi kwenye mashine yake. Majani wa Bongo Records, Master Jay wa MJ Records, hawa walijijengea majina kwa jasho lao katika zama za kaseti na sidii. Lakini kwa kila Majani mmoja kuna vijana wangapi vyumbani, na feni inapiga kelele, ambao tumecheza kazi zao na hatutawajua mpaka tunakufa?

Nani kasema kinanda si chetu?

Wazee wenzangu wana jibu lao. Wanasema huo si muziki, ni kubonyeza. Wanataka gitaa la Mbaraka Mwinshehe, wanataka tarumbeta za usharika zinazopigwa alfajiri ya Pasaka mpaka bonde lijibu. Nazipenda zote mbili. Ila tusijidanganye kwamba mashine ililetwa jana na watoto. Dar es Salaam, vijana wa mchiriku walikuwa wakiviunganisha vinanda vidogo vya Casio, vile vya kuchezea watoto, na vipaza sauti vikuukuu, wakakesha navyo kwenye ngoma za mtaani. Jagwa Music wa Mwananyamala waliufikisha muziki huo kwenye albamu iliyotolewa Ulaya mwaka 2012. Taarab ya kisasa bila kinanda ingebaki na nini? Singeli je, ni nini kama si mashine iliyokimbizwa mpaka ikapandwa na mori?

Huku kwetu ndiyo kabisa. Nenda usharika wowote kuanzia Machame hadi Rombo, uone kama utakosa kinanda cha umeme kilichofunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 walikuja na nyimbo zao. Leo mtoto wa Kilema au wa Kibosho, Mlutheri au Mkatoliki, anajifunza kupanga vidole vyake palepale mbele, karibu na madhabahu. Chuo cha kwanza cha sinthi-pop Kilimanjaro, kama hamjajua, ni shule ya Jumapili.

Ndama mmoja na biti moja

Sasa nimrudie kijana wangu. Huniita mjomba, kwa kuwa mama yake na mimi tumekua pamoja. Siku moja nilibaki naye ndani nikamuuliza anacheza nini kila akishaachwa peke yake. Akanionyesha. Ana kompyuta ya mtumba yenye ufa kwenye kioo, na ndani yake ile programu ya FL Studio ambayo vijana wengi wa mtaani wamejifunzia. Kompyuta hiyo mama yake aliinunua kwa kuuza ndama. Nataka msomaji akae kidogo na ndama huyo, maana huku mlimani, mahali ambapo ng'ombe anafugwa bandani na mama anapanda na kushuka milima akimtafutia majani, ndama ni ada ya shule, ni sementi, ni hospitali.

Akaniambia ameshauza biti nne, yaani midundo ambayo bado haijaimbiwa. Moja aliiuza shilingi elfu arobaini kwa mwimbaji aliyetoka mkoa mwingine. Miezi ikapita. Siku moja yumo kwenye Hiace ya kwenda Uru, akaisikia redioni. Ikaimbwa, ikatangazwa, mtangazaji akamsifu mwimbaji, akataja hadi rangi ya nguo alizovaa kwenye video. Kijana akafika nyumbani akamwambia mama yake.

"Si alikulipa?" mama akauliza.

"Alinilipa."

"Basi mwanangu, biashara si ndiyo hiyo? Mimi nikishauza maziwa nayafuata kwa mnunuzi kuuliza chai imekolea?"

Jibu la yule mama lina akili, na sikumlaumu. Ila kuna tofauti asiyoiona kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Maziwa yakinywewa yamekwisha. Wimbo ukipigwa haupungui. Unapigwa tena kesho kwenye baa ya Majengo, keshokutwa kwenye tangazo la simu, na mwakani kwenye harusi ya mtu ambaye leo yuko darasa la saba. Alichouza mwanawe si lita moja ya maziwa. Kauza ng'ombe, na bei aliyopewa ni ya lita.

Wenzetu wa Kagera wana neno kwa biashara ya namna hiyo: butura. Ni pale mkulima mwenye shida anapouza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya mnunuzi, kisha mavuno yakija anasimama kando kuangalia yakichukuliwa. Vijana wetu wanauza butura ya muziki. Shida ni ileile, kodi ya chumba, vocha, nauli. Na mnunuzi anajua.

Wazee wetu wa kahawa walilipitia jambo hili kabla yao. Mwaka 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, kwa sababu waliona mkulima akienda peke yake kwa mfanyabiashara na debe lake anapangiwa bei, na wakienda wengi wakiwa na daftari, wanazungumza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mji huu wa Moshi umejengwa juu ya daftari hilo. Tuna hata chuo kikuu cha ushirika. Inanishangaza kwamba tuna usharika unaomfundisha mtoto kupiga kinanda na ushirika uliomfundisha babu yake kuhesabu, na maneno yenyewe yanatofautiana herufi moja tu, lakini hatujawahi kuvikutanisha viwili hivyo mezani.

Sheria ilishavikutanisha zamani. Sheria yetu ya mwaka 1999 inaitwa ya Hakimiliki na Hakishiriki. Lisikilizeni neno hilo la pili. Aliyebuni kazi hulindwa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake warithi wake bado wana haki. Miaka 50! Kihamba gani hapa kwetu hakigombaniwi kwa muda huo? Baba akifa tunakaa matanga, tunagawana migomba, tunapima hatua kwa hatua mpaka kwenye mfereji. Lakini mtoto akiwa na nyimbo ishirini kwenye kompyuta yenye ufa, hakuna mjomba anayeuliza ni za nani.

Kihamba tunakijua kwa masale. Yale majani ya kijani yanayopandwa mpakani, ambayo ukiyang'oa ukoo mzima utaitwa, na ambayo mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kumkatalia. Hatukuhitaji hati ya serikali kuyaheshimu. Biti haina masale. Imelala wazi kama shamba la marehemu asiye na watoto, kila mwenye mbuzi anapitisha. Na masale yake si makubwa: karatasi moja inayosema nani katengeneza mdundo, nani kaandika maneno, nani kaimba, na kila mmoja ana fungu gani kwenye kitakachopatikana. Hakimiliki haisubiri usajili ndipo izaliwe. Ila siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi, na "mjomba aliniona nikitengeneza" si ushahidi.

Hapo ndipo ninapowarudia wale wawili wa Navy Kenzo. Sijui kwao wanagawana vipi, na si kazi yangu kuchungulia sufuria ya watu. Ninachokiona kwa nje kinanitosha: fundi hakumuuzia mwimbaji biti akaondoka. Alikaa. Kwa kukaa kwake, albamu ikawa yake kama ilivyo ya mwenzake, na mtoto wa Rau anayejifunza kinanda leo ana mtu wa kumwonyesha baba yake anayesema kinanda hakijengi.

Mwimbaji yuko kwaya ya pili

Nilimweleza kijana haya yote, kwa urefu uliopitiliza kidogo, nikaona anatazama mlangoni. Nikadhani nimemchosha. Kumbe kuna binti alikuwa amesimama pale, wa kwaya ya pili, safu ya sauti ya pili, yule ambaye kwenye wimbo wa ushirika mtakatifu husikika hata akijitahidi asisikike. Naye huniita mjomba, ingawa undugu wetu ungehitaji bibi wawili na jioni nzima kuuelezea.

Yeye na kijana wameanza kutunga pamoja tangu Juni. Wana nyimbo tano, zote kwa Kiswahili isipokuwa moja, na hiyo moja ina Kichagga cha Vunjo ambacho binti wa Machame amekitamka kwa namna itakayowachekesha watu wa Kirua. Nikawaambia hivyo, wakasema ndiyo maana wameiacha hivyohivyo.

Wiki iliyofuata wakanifuata baada ya mnada, mimi nikiwa na trei ya mayai niliyoinunua kwa mara mbili ya bei ya dukani, kama ilivyo desturi. Binti akatoa daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza walikuwa wameandika majina yao mawili, nyimbo tano, na mbele ya kila wimbo nusu kwa nusu, isipokuwa wa tatu, ambao mashairi yake ameyaandika mama yake kijana. Yeye wamemwekea fungu lake. Chini wameacha mstari wa shahidi.

Nikatafuta mahali pa kuweka mayai ili nitie sahihi. Nikauliza albamu itaitwaje. Wakatazamana. Hilo, wakasema, bado wanaligombania.